Mali ya Makumbusho

Lango la hospitali ya Vidziweni lilipomkataa Kadzo, watu walidhani ni umeme na vituko vyake. Mlinzi akalipiga kofi, kama mtu anavyopiga redio kongwe. Muuguzi akamwambia Kadzo arudi nyuma kidogo, kisha asogee tena. Akasogea. Lango likajibana mpaka vyuma vikalia, na ile sauti yake ya kike isiyojua kukasirika ikasema kwa adabu zote, "Samahani. Mali ya makumbusho haipiti hapa."

Foleni ikatawanyika. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwanamke huyu alikuwa na kupe, na mwenye kupe ni mwizi, na mwizi wa makumbusho watu wa Vidziweni walimchukia kuliko mwizi wa mbuzi. Mama mmoja aliyekuwa amemshikia Kadzo mfuko aliuweka chini taratibu, akafuta kiganja chake kwenye leso.

Ndipo alipopigiwa simu Nyevu Tsuma.

Nyevu alikuja mbio, na alikuja na furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyomtafuna baadaye. Alikuwa mhifadhi mkuu wa Makumbusho ya Vidziweni, na kupe alikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Tangu amtawanye, hakuna mkono wa mwizi uliothubutu. Kusikia kwamba kupe amekamata mtu kulimpa raha ya mtegaji aliyesikia mtego umefyatuka. Njia nzima alikuwa akipanga maswali: nani kakutuma, mnunuzi ni nani, yuko nchi gani. Alipofika alimkuta binti wa miaka ishirini na kitu ameketi juu ya jiwe pembeni mwa ukuta, miguu imevimba, tumbo limekaa mapajani.

"Wewe ndiye uliyekataliwa?"

"Ndiye mimi, mama."

"Umegusa nini kwangu?"

Kadzo alimtazama bila kuelewa. "Sijagusa kitu cha mtu. Nilimfunga babu kitambaa."

"Babu yupi?"

"Baya. Babu yangu. Yule mliyemrudisha kutoka Ulaya." Akashusha sauti, maana jambo lenyewe lilikuwa la aibu. "Alikuwa uchi. Tangu wamwibe wakamvua, hakuna aliyemvisha. Tulikuja Ijumaa, siku ile ya kuingia bure. Baba alipomwona vile alilia. Mikono yake inatetemeka siku hizi, fundo lake halikazi, akaniambia mimi ndiye nifunge. Nikafunga. Nikamwambia babu kuna mgeni njiani. Kisha tukaondoka, na yule dada wa mlangoni tukamuaga vizuri."

Kile kitambaa chekundu Nyevu alikuwa amekiona Jumamosi asubuhi kwenye kiuno cha nguzo ya Baya, gogo lililochongwa kwa umbo la marehemu, akadhani wenzake wa maonyesho wamempamba. Alipita akatabasamu. Yeye, Mgiriama, binti wa watu waliokuwa wakiwavisha wafu wao tangu enzi na enzi, alisahau kabisa kwamba ipo siku mtu atakuja kumvisha wake.

Daktari Mutinda alitoka nje, koti lake likiwa wazi. Alikuwa mtu mfupi, mchovu, asiyependa kuzunguka maneno.

"Mama Nyevu, mimi sina ugomvi na nguzo zako. Lakini huyu mimba yake ya kwanza tulimpasua, na mtoto hakuishi. Hii ya pili lazima tumpasue kabla uchungu haujaanza, la sivyo lile kovu litaachia. Nimempangia Ijumaa. Nifungulie lango."

"Silifungui mimi, daktari."

"Anayelifungua ni nani?"

"Hakuna," Nyevu akasema. Zamani neno hilo alilitamka kwa majivuno kwenye mikutano ya watu wakubwa, na watu wakampigia makofi.

*

Sasa huyu kupe tumseme, maana bila yeye hadithi haiendi.

Nyevu alikuwa na mdogo wake, Ngala, mlinzi wa zamu ya mchana pale makumbusho. Kijana wa mzaha mwingi, aliyekuwa akizisalimia zile nguzo kila asubuhi moja baada ya nyingine kwa majina ya marehemu wenyewe. Wezi walikuja mchana kweupe kwa gari la kijivu. Walimwekea Ngala bunduki kisogoni, wakamwambia fungua. Akafungua. Wakamwua hata hivyo, wakazibeba nguzo mabegani kama watu wanaotoka kutema kuni. Hawakukamatwa. Nguzo mbili zilionekana baadaye kwenye sebule ya tajiri mmoja ng'ambo, zimetundikiwa taa.

Nyevu hakulia sana. Aliingia maabara na akili moja tu: kutengeneza mlango ambao hata mwenye bunduki hawezi kumlazimisha mtu aufungue. Akamtengeneza kupe. Hilo ni jina la mitaani; kwenye karatasi za serikali ana jina refu ambalo hakuna anayelikumbuka. Ni vumbi hai, laini kuliko unga wa muhogo, linalopakwa juu ya kila kitu cha makumbusho. Ukigusa, limekuingia. Ukivaa glavu, linazila glavu. Haliwashi wala haliumi, wala halitoki kwa mtu kwenda kwa mwenzake kwa kushikana. Linakaa kwenye ngozi siku mbili tatu likikomaa, na likishakomaa, kila lango la umma katika nchi nzima linakusoma: benki, stesheni, soko kubwa, shule, hospitali. Kupe hajui mwizi wala asiye mwizi. Anajua tu kwamba yeye ni wa makumbusho, na popote alipo, hapo ndipo ilipo mali ya makumbusho. Lango la makumbusho peke yake ndilo linalompokea. Huruhusu kitu kurudi, haliruhusu kitoke.

Dawa yake ni moja. Ghorofa ya juu ya makumbusho kuna tangi la kioo, na ndani yake yupo mama wa kupe, utando wa kijani unaopumua. Kila saa mama hutuma wito kupitia minara, na kila kupe, awe kwenye nguzo au kwenye mkono wa mtu, huishi kwa kuusikia. Ukizima wito, kufikia jioni kupe wote wamekufa kwa njaa. Wote, kila mahali, na kuwaotesha wengine ni kazi ya miezi. Wa Vidziweni na wa makumbusho mengine yote ya pwani na bara yanayotumia wito huohuo. Kumwachia mmoja huwezi. Nyevu alikusudia iwe hivyo, ili asitokee mtu wa kumshikia bunduki na kumwambia mwachie huyu. Ipo chanjo, lakini inataka mwezi mzima kushika, na ukishaguswa haikufai tena. Waliokuwa nayo ni Nyevu na wenzake wawili.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema. Nyevu angefurahi kama angeingia yeye.

Jumatatu hiyohiyo alipanda juu, akasimama mbele ya tangi. Swichi ya wito ilikuwa ndogo, ya kawaida, kama ya taa ya chooni. Chini ya dirisha, nje ya uzio, gari la kijivu lilipita polepole. Pengine lilikuwa jingine; magari ya kijivu ni mengi. Ila hilo lilipita kila wiki, na lilipofika mkabala na ukumbi wa nguzo lilipunguza mwendo.

Alimpigia simu mkurugenzi wa makumbusho.

"Halmashauri inakutana Alhamisi," mkurugenzi akasema. "Daktari kasema upasuaji Ijumaa, sivyo? Basi muda upo. Usizime kitu, Nyevu. Ukizima, wataingia kila mahali siku hiyohiyo, na unajua safari hii nani atakuwa mlangoni. Kijana mwingine."

Nyevu akaitika. Muda ulikuwepo, hilo lilikuwa kweli.

*

Jumanne alasiri alikwenda nyumbani kwa Mzee Kazungu, baba yake Kadzo, pembeni kabisa mwa mji. Nyumba ilikuwa na mlango wa mbao usiosoma mtu. Mkewe mzee alikwisha kufariki, na mume wa Kadzo alikuwa Kongo na malori. Baba na binti walikuwa wakikaa wawili tu. Kadzo alikuwa akimenya muhogo. Mzee alimletea mgeni kiti, na safari ya kukileta ilikuwa ndefu kwa ile mikono.

Nyevu alieleza yote bila kuficha. Alisema anaweza kuzima, na akasema kitakachofuata akizima. Alitegemea matusi. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, na pengine alikuwa akiyataka, kwa sababu mtu akikutukana unajua la kufanya.

Mzee Kazungu akasema, "Usizime."

"Baba," Kadzo akasema.

"Ngoja, mwanangu, niseme." Akamgeukia Nyevu. "Walipomng'oa baba pale kitongojini mimi nilikuwa kijana. Mwaka uleule mvua ilikataa. Kaka zangu wote wawili walikwenda, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyejua wanaumwa nini. Ujana wangu wote nimemtafuta baba. Nimeandika barua mpaka wanaonisaidia kuandika wakazeeka. Amerudi juzi tu. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema akae kwenu, kwa sababu hapa hakuna ukuta wa kumlinda. Ukizima hicho kidude, jioni yuko kwenye gari. Hatarudi tena mimi nikiwa hai."

"Na Kadzo je, mzee?"

Mzee akaibana mikono yake katikati ya magoti. "Huyu ni mtoto wangu. Yule ni baba yangu. Unataka nikuambie nini, mama? Kuna Alhamisi. Hao wakubwa wako wana akili, watapata njia."

"Mimi nipo hapa," Kadzo akasema. Alikuwa ameacha kumenya, kisu kiko mkononi. "Mnanisema kama nimeshaondoka. Mama Nyevu, mtoto wangu wa kwanza nilimzika bila kumnyonyesha hata mara moja. Huyu anacheza. Jana usiku wote alikuwa anacheza. Zima, mama. Babu akiibiwa tutamtafuta tena. Akiwa hai angekwambia hivyohivyo."

"Hujui angeniambia nini," baba yake akasema kwa upole.

"Wala wewe hujui."

Nyevu aliaga bila kuahidi lolote. Njiani aligundua kwamba anamshukuru yule mzee. Alimshukuru kwa lile neno lake, usizime, kwa sababu lilimpa mahali pa kujificha mpaka Alhamisi. Aliona haya, lakini haya haikumfanya ageuke kurudi ghorofani.

*

Uchungu haukungoja wakubwa. Ulianza Jumatano asubuhi.

Majirani walimleta Kadzo kwa mkokoteni mpaka hospitali, lango likambania, wakakaa naye hapo juani. Daktari Mutinda alimpima akiwa amepiga magoti vumbini. Nyevu alipofika, daktari alimvuta pembeni.

"Ukizima sasa hivi, lango litafunguka saa ngapi?"

"Jioni. Kama kumi na mbili."

"Kovu limeanza kuuma. Hana mpaka adhuhuri." Akamtazama usoni. "Jumatatu alikuwa nayo hiyo jioni. Jana alikuwa nayo."

Heri nusu shari, Nyevu alijisemea, na hapohapo akili yake ya kihandisi, ile isiyolala hata kwenye msiba, ikamletea njia ya katikati.

"Maabara yangu," akasema. "Ina meza ndefu, ina taa, hewa yake inachujwa. Ni safi kuliko thieta yako. Na lango letu litampokea. Beba vyombo, twende."

Kadzo alisikia. Alimshika Nyevu mkono. "Nikiingia kwenu nitatokaje?"

"Tutaona. Kwanza uishi."

"Nijibu, mama."

"Hutoki mpaka wito uzimwe," Nyevu akasema. "Nitauzima. Mkishakuwa salama, nitauzima kwa mkono wangu."

Lango la makumbusho lilimpokea Kadzo kwa heshima kubwa. Lilifunguka kabla hajalifikia, likawasha taa za ukumbini, likasema karibu nyumbani. Mkokoteni ulipita katikati ya nguzo zilizosimama bila vioo wala walinzi, na Kadzo, meno yameumana kwa maumivu, alimwita babu yake alipopita mbele yake.

Walimlaza juu ya meza ambayo wiki ile ilikuwa na ngoma iliyopasuka ngozi. Mutinda akaanza kazi. Muuguzi mmoja aliyekubali kuja naye alishika taa ya mkono. Nyevu alisimama kichwani pa Kadzo akimfuta jasho, na kila alipotaka kumwambia neno la faraja aliona hana haki ya kulisema.

Mtoto alitoka wa kike. Alikuwa mdogo mno na mkimya, rangi yake ya majivu. Daktari alimsugua, akampulizia, akampiga nyayo. Akapata pumzi moja nyembamba, kisha nyingine, lakini mwili ulikuwa baridi na ulizidi kupoa.

"Anataka joto," Mutinda akasema. "Joto la kudumu na hewa ya unyevu. Kule tuna mashine. Hapa mna nini?"

Walikuwa na sanduku la hali ya hewa. Lilikuwa ukutani, kubwa kama kabati, lililotengenezwa kwa ajili ya vitu dhaifu: ngozi kuukuu, vitambaa, manyoya. Unaliwekea joto unalotaka na unyevu unaoutaka, linashika bila kuyumba mwaka mzima. Nyevu alilikimbilia na mtoto mikononi. Likakataa kufunguka.

Alijua kwa nini limekataa. Miaka ile ya wizi kulikuwa na ujanja wa kubadilisha: mtu anaingiza kitu bandia sandukuni na kutoka na cha kweli. Kwa hiyo Nyevu aliamuru sanduku lisipokee chochote kisichosajiliwa. Sauti ileile ya lango ikasema, kwa adabu ileile, "Kitu hiki kina alama yetu lakini hakimo katika mikusanyo. Je, kisajiliwe?"

Alama yetu. Kupe alikuwa amempata mtoto humo humo tumboni, kwa damu ya mama yake.

Na kusajili hakukuwa neno tu. Kitu kikishasajiliwa, wito hukitambua kwa jina lake na kuamsha kupe wake, wakae juu ya ngozi yake macho, wakimngoja yeyote atakayekigusa. Kisha hakitoki tena nje bila idhini ya halmashauri nzima. Nyevu aliyajua hayo yote, aliyaandika yeye. Alimtazama mtoto. Midomo ilikuwa ya buluu, na pumzi zilikuwa zinaachana mbalimbali.

"Fanya unachofanya, fanya haraka," Mutinda akamwambia kutoka mezani, mikono yake ikiwa bado ndani ya Kadzo.

"Kisajiliwe," Nyevu akasema.

"Kimepokelewa na nani?"

Akaweka kidole chake kwenye kioo. Sanduku likafunguka, hewa ya vuguvugu ikamgusa uso, akamlaza mtoto ndani kwenye pamba ya kufungia vyungu. Akakaa chini sakafuni, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia alipokufa Ngala.

*

Waliishi wote wawili. Wiki ya pili mtoto alikuwa anapumua vizuri nje ya sanduku, ananyonya, anapiga kelele zinazosikika mpaka mlango wa tiketi. Kadzo alimpa jina la mama yake marehemu, Dama. Walipewa kona ya ukumbi wa nguzo, kwa sababu maabara ilihitajika kwa kazi, na godoro, na chakula kutoka mkahawani. Ili watu wasimshike mtoto kwa bahati mbaya wakaingiwa na kupe, ilizungushwa kamba.

Halmashauri ilikutana, ikapongeza. Ilisema mhifadhi ameonyesha ubunifu na utu. Ilisema kwa kuwa hakuna tena maisha yaliyo hatarini, hoja ya kuzima wito imepitwa na wakati, na suala la mama na mtoto litaangaliwa taratibu. Nyevu alisimama mbele yao akasema aliahidi. Mwenyekiti, mtu mpole kabisa, akamwuliza kama yuko tayari kutaja jina la kijana atakayekaa mlangoni siku wito ukizimwa. Nyevu akaketi.

Wageni waliongezeka. Habari ya mtoto wa makumbusho ilifika mbali, watu wakaja na watoto wao. Kadzo aliwageuzia mgongo alipokuwa akinyonyesha.

"Lini, mama?" alikuwa akimwuliza Nyevu kila asubuhi.

"Bado kidogo."

Siku moja aliacha kuuliza, na hilo lilimuumiza Nyevu kuliko maswali yote.

Mzee Kazungu alikuja siku ya kuingia bure. Alisimama kwenye foleni na wageni wengine, amevaa shati lake jeupe, kofia mkononi. Alipofika kwenye nguzo ya baba yake alisimama akasema naye kidogo. Kisha akasogea hadi kwenye kamba. Kadzo alimwinua mtoto juu ili amwone.

"Ana paji la uso la mama yako," mzee akasema.

"Ndiyo, baba."

Wakatazamana hivyo, hatua tatu kati yao. Mzee aliona Nyevu amesimama pembeni, akamwendea.

"Zima," akamwambia.

"Mzee, ulinikataza."

"Nilikukataza. Leo nakuomba. Acha wamchukue baba. Nimemwambia sasa hivi, hajanijibu, nimechukulia amekubali."

Nyevu alipanda juu. Mama wa kupe alikuwa anapumua tangini. Aliweka kidole kwenye swichi, na alikiweka kwa nia ya kweli, hilo lazima tumpe. Akatazama nje. Barabara ilikuwa tupu. Hakukuwa na gari la kijivu wala la rangi nyingine. Chini mlangoni alikuwa ameketi binti wa tiketi, anacheka na simu yake, mgongo ameupa barabara, kisogo kiko wazi. Nyevu alikitazama kisogo kile. Alingoja mkono wake ufanye kazi yenyewe, bila yeye. Haukufanya. Muda ukapita, akauondoa.

Alishuka. Mzee Kazungu alimtazama usoni, akatikisa kichwa polepole, bila hasira, kama mtu aliyeambiwa bei asiyoiweza. Akainama akavua viatu, akavipanga vizuri pembeni. Kisha akaivuka kamba.

"Baba, usimguse," Kadzo akasema. "Baba, hospitali itakufungia lango. Dawa zako utapata wapi?"

Mzee aliketi kwenye ncha ya godoro, akanyoosha mikono yake inayotetemeka, na Kadzo alipoona haitarudi nyuma akamwekea mtoto mikononi, akaishikilia mikono yake kwa chini isije ikamwangusha. Wageni walirudi nyuma. Mmoja akainua simu yake kupiga picha.

"Kwa nini umefanya hivyo, baba?" Kadzo akauliza. Alikuwa analia.

"Baba yangu yuko hapa," mzee akasema. "Wewe uko hapa, na huyu yuko hapa. Ulitaka nikakae wapi?"

Nyevu akaenda kutafuta godoro jingine.